Wakizaana, Ndiyo Spishi Moja?

Tangu Agosti 2025, wataalamu wa Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) walipokubali kwamba twiga ni spishi 4, naulizwa swali lile lile: "Si wanazaana? Basi ni spishi moja!" Kisha naletewa baghala, mtoto tasa wa punda na farasi, kama kwamba kesi imekwisha.

Haijaisha. Amboseli, Kenya, nyani wa njano na nyani wa kijani wanapandana kwa vizazi sasa, na machotara wao wanazaa vizuri tu. Gombe, Tanzania, kima wa aina mbili wamezaa machotara, nao wakazaa. Kibale, Uganda, wapo tembo waliochanganya damu ya msituni na ya savana, lakini tangu 2021 IUCN inawahesabu tembo wa msituni na wa savana kuwa spishi mbili. Kuna hata mijusi wa Marekani ambao wote ni majike na huzaa bila dume. Kwa kanuni yenu, kila mmoja awe spishi peke yake?

Mnayemsingizia kanuni hiyo, mwanabiolojia Ernst Mayr, hakusema hivyo. Mwaka 1942 alizungumzia makundi yanayozaana porini na kujitenga kiuzazi na mengine. Twiga wawili waliofungiwa zizi moja katika bustani ya wanyama hawathibitishi kitu. Swali ni kama wakikutana kwa hiari yao huchanganyika mpaka tofauti zipotee. Twiga wa kaskazini mwa Kenya na wa Kimasai hawajafika huko.

Ubishi wa kweli uko kwenye kipimo. Waliotazama maumbile walihesabu twiga spishi 8 mwaka 2011. Wa vinasaba wakapata 4 mwaka 2016, wengine 3 mwaka 2020. Mageuzi huenda polepole, na kila mmoja hukata mstari pake.

Ufanye nini? Ukitaja mnyama, taja na mahali anapoishi. Ukisikia "spishi mpya", uliza ni vipimo vingapi vinavyokubaliana; kimoja hakitoshi. Mwalimu, fundisha kanuni ya Mayr pamoja na mipaka yake. Mhifadhi, usingoje ubishi uishe: tembo walipohesabiwa pamoja, IUCN iliwaweka katika daraja la chini la walio hatarini, walipotenganishwa, wa msituni wakaonekana kuwa hatarini kabisa kutoweka.