Kulala Kwenye Kapsuli, Kuamka Kilwa

Jioni moja boom ikiwa imechelewa, tulikaa Feri washikaji watatu, tunakula pweza wa kukatiwa na supu yake, pantoni linakwenda Kigamboni na kurudi. Mada ilikuwa Kilwa. Wote tunasoma ualimu, wote somo la kufundishia ni Historia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga Kilwa Kisiwani. Mwenzetu mmoja ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye mafunzo kwa vitendo. Alikuwa amefundisha miji ya mwambao wiki nzima, ubao umejaa, mpaka binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, wewe umeshafika?" Akasema hajafika. Darasa zima likacheka, na yeye hakuwa amelisahau lile cheko.

Nauli tungeipata. Kilichokuwa kinatusumbua ni pa kulala. Kutoka Dar hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Unapanda basi Mbagala asubuhi, unafika mchana umechoka, kisha kibali cha kuingia kwenye magofu kinachukuliwa ofisini Masoko kabla hujapanda mashua. Ukitaka kuviona vitu kwa utulivu, lazima ulale. Na ukishasema ulale, bajeti ya mwanachuo inaanza kupumulia puani.

Hapo ndipo mmoja wetu akatoa simu na kutuonyesha picha ya hoteli ya kapsuli. Kwa ambaye hajaiona: ni masanduku ya kulala yaliyopangwa ukutani, juu na chini, kila moja na urefu wa kama mita 2, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Unaingia kwa kutambaa. Ndani kuna godoro, taa, swichi na pazia. Bafu na choo ni vya wote, na mzigo wako unafungiwa kwenye kabati. Ya kwanza ilifunguliwa Osaka, Japani, mwaka 1979, kwa michoro ya msanifu Kisho Kurokawa, yule yule aliyejenga mnara wa kapsuli wa Nakagin jijini Tokyo mwaka 1972. Mnara huo ulibomolewa 2022. Hoteli za kapsuli zilipata wateja wake kwa wafanyakazi waliokosa treni ya mwisho: mtu hataki chumba, anataka kulala saa sita aoge aende kazini. Baadaye wasafiri wa mfuko mwembamba wakazipenda, zikaenea nchi nyingine.

Mimi nikacheka nikasema, hicho si kitu kigeni. Deka la hosteli ni nini? Na kubebana je? Kwa wa mwaka wa kwanza ambao hamjakutana nalo: kubebana ni pale aliyepata chumba anapomlaza aliyekosa, kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule. Hata Kariakoo ninapokaa jina lake limetokana na kulala kwa kubanana. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na midomo yetu ikalitengeneza jina upya. Leo watu wanashuka pale kununua vitenge, hawajui wanakanyaga kambi ya wapagazi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na ndiyo iliyotuumiza. Kapsuli inauza kitanda. Gesti zetu zinauza chumba. Mkiwa mke na mume, gesti ni rahisi, mnagawana. Mkiwa wanaume watatu wanafunzi, mnakutana na kile kikaratasi kilichobandikwa mapokezi: wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Tulipiga simu gesti kadhaa za Masoko, jibu lilikuwa hilo hilo. Chumba cha bei ya chini kilikuwa elfu kumi na tano kwa usiku mmoja. Sisi kwa ajili ya kulala tulikuwa na elfu thelathini, tukidhani tutabebana kama tulivyozoea. Kwa hesabu ya kitanda tungetosha wote. Kwa hesabu ya chumba, mmoja anabaki.

Aliyebaki ni yule aliyeulizwa na binti wa dawati la mbele. Alisema, "Nendeni nyie, mniletee picha." Hatukupiga kura, alijitoa mwenyewe kwa kuwa ndiye alikuwa na hela kidogo kuliko wote. Mpaka leo sijui kwa nini sikumbishia zaidi.

Gesti tuliyofikia siitaji jina. Tuliandika kwenye daftari la wageni jina, kabila, kazi, tunakotoka na tunakokwenda, tukapewa ufunguo kila mtu. Vyumba vilitenganishwa kwa plaiwudi: jirani akigeuka kitandani, unageuka naye. Dirisha langu lilitazama ukuta. Neti ilikuwa na matundu nikayafunga mafundo. Hayo yote ni sawa, nimelala pabaya zaidi. Kilichoninyima usingizi ni mlango wa grili wa kutokea, ambao mhudumu aliufunga kwa kufuli saa nne usiku akaenda kulala kwao nyuma. Moto ukiwaka, plaiwudi ile haikupi dakika nyingi. Kwa hiyo ukienda mahali pa bei ya chini, Kilwa au Kariakoo, waza bei baadaye. Kwanza uliza ufunguo wa usiku anakaa nao nani, na umwone kwa macho.

Asubuhi tulivuka. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa sana karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye sarafu yenye jina lake iliokotwa mbali kabisa, Great Zimbabwe. Ibn Battuta alifika mjini hapo mwaka 1331, na huyo ndiye sultani aliyemkuta. Lakini kilichonishika ni Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Niliingia kwenye chumba kimoja nikapima kwa hatua. Upana: hatua tatu na kitu. Jumba la sultani, chumba chembamba kama changu cha Masoko!

Sababu ni boriti. Nyumba za mawe za mwambao zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na paa likabebwa na miti ya mikoko. Boriti ya mkoko haivuki mbali bila kupinda, mita 2 na nusu au 3 hivi, basi. Ukitaka nafasi unaurefusha tu. Mti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba, kwa tajiri na kwa mgeni wake. Na wageni walikuwa wa kukaa kweli: aliyeletwa na kaskazi alisubiri kusi ndiyo arudi kwao, miezi. Ndiyo maana nyumba za Waswahili ziliwekewa daka na sabule, mgeni apokelewe na alazwe bila kuingia kwenye ndani ya wenyeji. Mfanyabiashara wa Kilwa alikuwa na mwenyeji wake. Hakusimama mapokezi kuhesabu vyumba.

Shule zetu zina mabweni yenye madeka, na likizo mengi yanabaki matupu. Chama chetu kikiandika barua moja yenye muhuri kwa shule iliyo karibu na magofu, iwe Kilwa au Bagamoyo, tutalipia kitanda badala ya chumba. Nimeshaipeleka hoja kwa mwakilishi wa kitivo, amesema ataifikisha kikaoni.

Picha nilimpelekea mwenzetu. Aliziangalia zote, halafu akauliza kile chumba kilikuwa hatua ngapi, za kwangu au za mtu mfupi kama yeye. Boom ikitoka tunarudi, watatu. Nimeshampigia yule mhudumu kuulizia. Anasema vyumba vipo, vitatu, kama kawaida.