Bwawa Dogo, Hatari Kubwa

Wengi wetu hudhani bwawa la hatari ni lile lenye ufa. Sivyo. Huko Marekani mabwawa hupangwa kwa madaraja matatu ya hatari: chini, kati na juu. Daraja halisemi ukuta ni mzima au mbovu. Linauliza tu: likibomoka, maji yatamkuta nani? Kama ni watu, basi hata bwawa dogo la mtu binafsi la kuvulia samaki ni daraja la juu.

Bwawa la Kelly Barnes, jimbo la Georgia, lilikuwa la udongo, tena la binafsi. Lilipoacha kutoa umeme mwaka wa 1957, likabaki la kujiburudisha. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 likabomoka, watu 39 wakafa. Nasi tuliona bwawa la shamba huko Solai, Nakuru, tarehe 9 Mei 2018: usiku vilevile, na waliokufa walizidi 40.

Basi nyumba zikijengwa chini ya bwawa, hatari imepanda hata kama ukuta haujaguswa. Tuangalie miti iliyoota ukutani, maji yanayovuja yakiwa na tope, na njia ya kutolea mafuriko iliyoziba. Tukiona hayo, tumwambie mwenye bwawa na chifu siku hiyo hiyo. Maji hayapigi hodi.