Nyumba ya Meenakshi: Ibada za Hekalu la Madurai

Hekalu la Kihindu la Madurai, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, ni makazi ya miungu kabla ya kuwa mahali pa kukutania waumini, na asiyelizingatia jambo hilo ataziona ibada zake kuwa heshima ya ajabu inayotolewa kwa mawe. Mwenye nyumba ni mungu wa kike Meenakshi, yaani mwenye macho ya samaki, ambaye masimulizi ya hekalu humtaja kuwa binti mfalme wa ukoo wa Pandya aliyeutawala mji huo kabla ya kuolewa na mungu Shiva, anayeabudiwa hapo kwa jina la Sundareswarar. Ndiyo maana waumini humwamkia mke kwanza, kisha ndipo humwendea mume.

Ukuta wa nje na majengo ya ndani yana minara 14 ya malango, iitwayo gopuramu, iliyosheheni sanamu za rangi, na mnara mrefu kuliko yote, ule wa kusini, unapita mita 50. Ndani kabisa mna vyumba vitakatifu vyenye giza ambamo makuhani peke yao huingia. Shiva huwakilishwa na linga, nguzo fupi ya jiwe isiyo na sura ya mtu, huku fahali Nandi, kipando chake, akiwa amelala akimwelekea. Meenakshi ana umbo la mwanamke, na kasuku mkononi.

Kwa mafundisho ya Kihindu, sanamu ni kazi ya fundi tu mpaka ibada ya kuiweka wakfu iualike uhai wa mungu ndani yake, na tangu hapo huhudumiwa kama mfalme: huamshwa, huogeshwa kwa maji na maziwa, hupakwa liwa, huvishwa hariri na kuandaliwa chakula, ambacho baadaye waumini hugawiwa kiwe baraka, yaani prasadamu. Kilele ni darshani, kumwona mungu na kuonwa naye wakati taa ikizungushwa mbele yake, na kwa mungu aliyeitwa kwa macho yake tendo hilo lina uzito wa pekee. Usiku Sundareswarar hubebwa kwa machela hadi chumba cha kulala cha mkewe, kwa ngoma na zumari, nao huachwa humo hadi alfajiri.

Hata hivyo, si wote walioruhusiwa kuonwa. Watu wa tabaka zilizotengwa walizuiwa kuingia hadi tarehe 8 Julai 1939, mwanaharakati A. Vaidyanatha Iyer alipowaongoza wachache wao hadi ndani. Baadhi ya makuhani walipinga vikali, na mwaka huohuo serikali ya Madras, jimbo lililokuwa na Madurai wakati huo, ikatunga sheria ya kuwakinga na mashtaka waliohusika na kuingia huko.