Maji Tohara na Maji Salama: Ukijani wa Ziwa Kisumu

Liko swali waulizalo ndugu zetu wakaao kando ya Ziwa Viktoria kila maji yanapobadilika rangi: je, maji ya ziwa yaliyogeuka kijani yanafaa kutawadhia? Jibu la mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii liko wazi, na limo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kinachojulikana vyema katika darsa zetu za pwani. Mwani uliozuka ndani ya maji wenyewe hauyatoi katika tohara, kwani ni vigumu kuyahifadhi maji yasiingiliwe nao. Aliyetawadha kwayo, udhu wake umesihi.

Hukumu hiyo ni wepesi kwa waja. Hata hivyo yahusu tohara, wala haikusema kwamba maji hayo ni salama kunywewa na mtoto. Mambo haya mawili huchanganywa majumbani, na katika mchanganyiko huo yamo madhara. Kwa kuwa akina mama ndio wachotao, wachemshao na wapimiao watoto maji, ni haki yao walijue jambo hili kinagaubaga.

Sisi wa pwani tukisikia mwani, fikra hutwendea Kibuyuni au Paje, ambako wanawake huulima, wakauanika na kuuza. Mwani wa Kisumu ni kitu kingine. Ni viumbe vidogo mno, kimoja kimoja havionekani kwa jicho, na wataalamu huviita sianobakteria. Vikizaliana kwa wingi hupaka maji rangi, na siku za utulivu huelea juu vikafanya utando mzito, mfano wa rangi ya ukuta iliyomwagika. Wala tusiuchanganye na gugu maji, lile jani pana lenye ua la zambarau lililoingia upande wa Kenya wa ziwa miaka ya 1990. Gugu huonekana na kila mtu hulilalamikia. Mwani huu huchotwa ndooni bila kutambuliwa.

Kwa nini Kisumu? Mji umekaa kwenye ncha ya Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa uliojipenyeza nchi kavu. Kina cha ghuba kwa wastani ni kama mita 6 tu, ilhali ziwa zima lina wastani wa mita 40. Maji yake hutoka na kuingia polepole kupitia mlango wa Rusinga. Mto Nyando huleta udongo na mbolea kutoka milimani na katika mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil. Mto Kisat hupita mjini na kubeba taka zake. Vyote hivyo vina fosfeti na naitrojeni, navyo kwa mwani ni chakula. Maji yenye kina kifupi, jua la ikweta na chakula tele: mwani hauhitaji zaidi ya hayo. Kisha upepo wa alasiri uvumao kutoka ziwani huusukuma utando hadi ufukweni, mahali pale pale watu wachotapo.

Baadhi ya mwani huu hutoa sumu. Ijulikanayo zaidi ni maikrosistini, na kiungo iudhuricho ni ini. Anayeinywa kwa wingi hupata kichefuchefu, kutapika, kuharisha na tumbo kusokota. Anayeogelea ndani yake huweza kuwashwa ngozi na macho. Anayeinywa kidogo kidogo kwa miaka hudhurika ini lake pasipo kuhisi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha maikrogramu 1 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na watafiti waliopima maji ya Ghuba ya Winam wamekuta nyakati ambapo kiwango hicho kimepitwa.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la makala haya. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama. Ni kweli kwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na mtu asiache kuchemsha kwa ajili hiyo. Lakini maikrosistini haiuliwi na moto. Kuchemsha kwaweza hata kuzidisha balaa, kwa sababu joto hupasua chembe za mwani, na sumu iliyokuwa imefungika ndani ikamiminika majini. Agosti 2014, mji wa Toledo nchini Marekani, unywao maji ya Ziwa Erie, uliwakataza karibu watu nusu milioni kunywa maji ya mfereji kwa sababu ya sumu hii, wakaambiwa pia wasiyachemshe. Na mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, Brazili, wagonjwa zaidi ya 50 waliokuwa wakisafishwa damu hospitalini walifariki baada ya sumu hiyo kuingia katika maji ya mashine.

Basi familia ifanye nini? Kwanza, itazame kabla ya kuchota. Maji yenye utando, mistari ya kijani au harufu ya uvundo yaachwe, wala yasichotwe kwa kunywa wala kupikia, hata kama jirani anayachota. Pili, itumie maji ya mfereji yaliyosafishwa mtamboni, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi lenye kifuniko. Maji ya kisima hayana mwani huu, ila mitaani kama Nyalenda na Manyatta, ambako visima vimekaribiana na vyoo, ni lazima yachemshwe. Tatu, asiyekuwa na budi ila ziwa, achote mbali na ufukwe, upande utokako upepo, mahali maji yalipo maangavu. Shabu huzitua chembe chini ya mtungi, na mchanga safi huzizuia zisipite. Vyote viwili husaidia kabla ya kuchemsha, kwani huondoa mwani ukiwa bado mzima. Lakini sumu iliyokwisha kuyeyuka haiondoki kwa shabu, wala kwa kitambaa cha kuchujia. Dawa ya klorini ya nyumbani nayo isitegemewe kwa maji yaliyokwisha kuwa kijani.

Samaki si wa kuachwa. Ngege na mbuta ni riziki njema, ila sumu hukusanyika zaidi tumboni na kwenye ini kuliko kwenye mnofu. Matumbo yatolewe yote yatupwe, yasipewe paka wala kuku, na samaki aoshwe kwa maji safi badala ya yale ya ufukweni. Anayeelea amekufa asiokotwe.

Turudi kwenye udhu. Maji ya kijani yangali tohara, lakini katika udhu tunasukutua na kupandisha maji puani, na mtoto ajifunzaye humeza. Kuepusha madhara ni msingi wa sheria. Kwa hiyo yakipatikana maji mengine, yatangulizwe hayo. Yasipopatikana, na tabibu mwaminifu akasema haya yana madhara, mlango wa tayamamu uko wazi. Wenye kusimamia misikiti ya kandokando ya ziwa wangefanya hisani kubwa kuweka matangi ya kukinga mvua juu ya mapaa yao.

Limebaki fungu letu wenyewe. Hatuwezi kuzuia mbolea ya Muhoroni kwa mikono yetu, lakini nguo na magari yaoshwayo ufukweni huongeza taka katika ziwa lile lile tunalochota. Tufue mbali na ziwa, maji ya sabuni tuyamwage udongoni. Mafunjo ya Dunga huchuja uchafu kabla haujafika majini, na yakatwayo kwa mikeka yaachiwe nafasi ya kuota tena. Na wanaume tusiwaachie wake zetu mzigo huu. Tangi moja la mvua hununuliwa na mwenye nyumba, na faida yake huwafikia wote walio chini ya paa lake.

Mwenyezi Mungu atujaalie maji yaliyo tohara kwa ibada zetu na salama kwa watoto wetu.