Mabao 14 ya Zaire

Ndugu wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na polisi, mwezi Machi mwaka 1974 timu ya taifa ya jirani zetu wa Zaire, nchi ambayo tangu mwaka 1997 inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri. Katika michezo 6 ilifunga mabao 14 na kufungwa 8. Mshambuliaji wake, Ndaye Mulamba, alifunga 9 peke yake, yakiwemo yote 4 ambayo Zaire iliifunga Zambia katika fainali na marudio yake. Mwezi Juni mwaka huo huo, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, timu hiyo hiyo ilicheza michezo 3, haikupata hata bao moja, nayo ikafungwa mabao 14.

Tangu siku hizo wapo wanaoitaja Zaire kwa dhihaka. Lakini kabla ya kumhukumu jirani, yafaa tujiulize: hesabu ya mabao hupimaje nguvu ya ushambuliaji na ulinzi wa timu? Njia zipo kadhaa, na hazitoi jibu moja.

Njia ya kwanza ni wastani, yaani kugawa mabao kwa idadi ya michezo. Huko Misri Zaire ilifunga mabao 2.3 kwa kila mchezo na kufungwa 1.3. Huko Ujerumani ilifunga sifuri na kufungwa 4.7. Hesabu ni sahihi, lakini inawaweka Mauritius na Brazil katika mzani mmoja, kana kwamba kuwafunga hao ni sawa na kuwafunga hawa.

Njia ya pili ni tofauti ya mabao, yaani kutoa ya kufungwa kutoka katika ya kufunga. Njia hii ndiyo iliyoamua kundi la Zaire. Yugoslavia, Brazil na Scotland zilitoka sare zote kwa zote, na kila moja iliishinda Zaire. Hivyo zote tatu zilipata pointi 4. Yugoslavia ilikuwa na tofauti ya mabao 9, Brazil 3, na Scotland 2. Scotland ikarudi kwao bila kushindwa mchezo hata mmoja.

Njia ya tatu ni uwiano, yaani kugawa mabao ya kufunga kwa ya kufungwa. Ligi ya Uingereza iliitumia hadi mwaka 1976. Kwa njia hii Yugoslavia ingepata 10 na Scotland 3. Brazil haikufungwa kabisa, na hakuna namba inayogawanyika kwa sifuri. Uwiano wake hauna kikomo, nayo ingeongoza kundi. Ni dhahiri kwamba uwiano humtukuza mlinzi, na tofauti humpa mshambuliaji nafasi kubwa zaidi.

Njia ya nne ilielezwa mwaka 1982 na mwanatakwimu M. J. Maher. Kila timu hupewa namba mbili: moja ya nguvu ya ushambuliaji wake, na nyingine ya udhaifu wa ulinzi wake. Mabao yanayotarajiwa katika mchezo hupatikana kwa kuzidisha namba ya timu inayoshambulia kwa namba ya ulinzi inaoukabili. Hesabu hurudiwa mpaka namba za timu zote zikaribiane iwezekanavyo na matokeo halisi. Hivyo bao lililopatikana mbele ya ulinzi mgumu huhesabiwa kuwa zito kuliko lililopatikana mbele ya ulinzi uliolegea.

Tukiliangalia kundi lile kwa jicho hilo, mambo hubadilika. Ondoa michezo ya Zaire: Yugoslavia ilifunga 1 na kufungwa 1, Scotland vivyo hivyo, Brazil haikufunga wala kufungwa. Wote walikuwa sawa. Kilichowatenga ni namna kila mmoja alivyoikuta Zaire.

Na hapo hata njia ya nne hukwama, kwa kuwa huichukulia timu kuwa ile ile kila siku. Tarehe 14 Juni Scotland iliikuta Zaire yenye moyo, ikashinda 2 kwa 0 tu. Tarehe 18 Yugoslavia iliikuta Zaire iliyovunjika. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba walikata tamaa kwa kutolipwa fedha walizoahidiwa. Kabla ya nusu saa kipa Kazadi alikuwa amebadilishwa na Ndaye ametolewa nje. Matokeo yakawa 9 kwa 0. Tarehe 22 Brazil ilihitaji mabao 3, ikayapata 3. La mwisho lilifungwa na Valdomiro dakika ya 79. Lisingepatikana hilo, Brazil na Scotland zingelingana kwa pointi na kwa tofauti ya mabao.

Ndugu wasikilizaji, mkuu wa kikosi akiletewa taarifa kutoka mstari wa mbele haridhiki na idadi peke yake. Huuliza: dhidi ya nani, siku gani, na askari wakiwa katika hali gani? Mabao 14 ya Misri na mabao 14 ya Ujerumani yalihusu timu moja, katika mwaka mmoja. Anayeikumbuka Zaire kwa yale ya Ujerumani peke yake amesoma nusu ya taarifa.