Samaki wa mapambo wa Tanganyika: mtaji unaoweza kuanzia sebuleni

UKIMTAJIA mfanyabiashara wa Kigoma, Bujumbura au Uvira neno samaki, atawaza migebuka, dagaa na bei ya sokoni siku hiyo. Lakini katika ziwa hilohilo wamo samaki wasiofika kikaangoni. Ni wadogo, wenye milia, madoa na rangi, na huuzwa wakiwa hai kwa wanaowafuga kwenye matangi ya kioo Ulaya, Marekani na Japani. Ni ndugu wa sato na perege, wa familia ambayo wataalamu huiita Cichlidae.

Biashara hii si ngeni. Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha kutoka Burundi tangu miaka ya 1970, na samaki mmoja, Neolamprologus brichardi, amebeba jina lake. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa Ulaya akishapata jozi inayotaga, hana haja ya kurudi kwetu. Anazalisha mwenyewe na kuwauzia majirani zake. Basi kwa nini na sisi tusizalishe, tukauza Nairobi, Kampala na Kigali, badala ya kumsubiri mzamiaji atoe samaki mmoja mmoja ziwani?

Kinachowashinda wengi kwanza ni maji. Maji ya Tanganyika ni magumu, yenye chumvichumvi za madini, na kipimo chake cha pH ni karibu 9. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hivyo aliye Kampala au Mwanza hawezi kujaza tangi kwa maji ya bomba na kutia samaki. Weka vipande vya chokaa au mawe ya matumbawe ndani ya chujio, yatagumisha maji polepole. Maji ya bomba yaache siku moja au mbili kwenye ndoo wazi yenye pampu ya hewa ili klorini itoke. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27.

Anayeanza aanze na Neolamprologus multifasciatus. Dume hana zaidi ya sentimeta 4 au 5, na tangi la lita 60 linatosha kundi zima. Samaki huyu huishi ndani ya makoa ya konokono. Mwaga mchanga, tawanya makoa mengi kuliko idadi ya samaki, kisha usiwaguse. Jike hutaga ndani ya koa, na siku moja utaona vifaranga mithili ya nyuzi wamejipanga mlangoni. Walishe viluwiluwi vya artemia na chakula cha kawaida kilichosagwa laini kama unga, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Badilisha maji kiasi cha sehemu moja ya tano kila wiki, si zaidi kwa mkupuo.

Brichardi naye ana tabia inayowakosesha faida wenye haraka. Watoto wakubwa hubaki nyumbani na kusaidia kulinda wadogo zao. Ukiwavua wote mara wanapofikia ukubwa wa kuuzwa, umewaondoa walinzi. Acha wachache.

Samaki wenye bei ni Tropheus, na hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa na kundi la 14. Kwa kuona huruma nikawatilia unga wa dagaa ili wanenepe. Baada ya siku chache matumbo yalivimba, wakaacha kula, nikabaki na watatu. Samaki hawa hukwangua ukoka wa majani kwenye miamba. Utumbo wao ni mrefu na hauwezi chakula cha nyama. Wape chakula cha mwani. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi hayafiki 20, na huyabeba kinywani takriban wiki nne. Vifaranga hutoka wakiwa wakubwa, tayari kula. Usiweke gogogo mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, kwenye tangi hilo: hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya wengine, na watoto wake huanguliwa mapema na kuwala wenyeji kinywani mwa mama.

Jambo jingine la pesa: usichanganye Tropheus wa Ikola, Tanzania, na wa Bemba, Kongo. Watazaana, lakini mnunuzi anayejua samaki hulipia mahali walikotoka, na machotara hawataki. Andika asili ya kila kundi juu ya tangi, na uiandike tena kwenye risiti.

Mpakani, samaki hai si sawa na gunia la mchele. Utahitaji cheti cha afya ya samaki na kibali kutoka idara ya uvuvi. Utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 una orodha yake ya bidhaa, kwa hiyo uliza kabla hujafunga mzigo kama samaki wa mapambo wamo kwenye mpaka wako. Kongo imo katika Jumuiya tangu 2022. Zambia, inayomiliki ncha ya kusini ya ziwa, haimo.

Wakati wa kusafirisha, usiwalishe siku moja au mbili kabla, ili wasichafue maji njiani. Jaza theluthi moja ya mfuko maji, na sehemu iliyobaki oksijeni. Panga mifuko ndani ya boksi la foronya na usafiri usiku. Ukifika, usiwamwage moja kwa moja: elea mfuko ndani ya tangi nusu saa, ukiongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja.