Kamera ilivyomkata mama kichwa Kibuyuni

JE, msomaji, umewahi kurudi kutoka studio na picha ya mtu asiye na kichwa? Mimi nimewahi, na mwenye kichwa hicho alinidai.

Ilikuwa Kibuyuni, Kwale, si mbali na Shimoni. Wakati wa bamvua maji hupwa hadi mbali, nao akina mama huingia kufunga mwani kwenye kamba zilizotandwa baina ya vijiti. Mama mmoja wa makamo aliniomba nimpige picha ampelekee mwanawe aliye ng'ambo. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwake. Filamu iliposafishwa, mwani ulikuwepo, kanga ilikuwepo, uso uliishia kwenye paji.

"Mwanangu, kichwa changu umekiacha wapi?" aliniuliza.

Kamera yenyewe ni Leica M3, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1954. Kwa kamera ya aina hii hutazami kupitia lenzi. Unatazama kidirisha cha pembeni, ukizungusha lenzi hadi sura mbili unazoziona ziwe moja, ndipo ujue umelenga. (Ndiyo maana unaweza kumaliza filamu nzima kifuniko cha lenzi kikiwa hakijatolewa. Usicheke, yatakufika.)

Lenzi niliyotumia ni Jupiter-12 ya milimita 35, iliyotengenezwa katika uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Bei yake ni nafuu mno ikilinganishwa na ya Mjerumani. Lakini hiyo hufungwa kwa kuzungushwa kama skurubu, ilhali M3 hupachikwa, kwa hivyo huna budi kutia ringi katikati. Hapo ndipo mambo huanza. M3 haina fremu ya milimita 35; ringi ya lenzi hiyo hukufungulia fremu ya milimita 135, ambayo ni ndogo kabisa. Ukiiamini umepotea.

Dawa ni kununua kidirisha cha ziada na kukichomeka juu ya kamera, pale pa flashi. Ni kizuri na kina mwanga, lakini kimekaa sentimita kadhaa juu ya lenzi. Ukipiga mashua iliyo mbali, haidhuru. Ukipiga mtu wa karibu, lenzi huona chini zaidi kuliko jicho lako. Fremu za ndani za M3 hujisogeza zenyewe kurekebisha kosa hilo. Changu cha juu hakina habari. Basi mwachie mtu nafasi juu ya kichwa, hata kama unaona imezidi.

Aidha, kidirisha hicho hakipimi masafa. Utapima kwa cha chini, kisha uhamishe jicho juu, na wakati huo mama ameshainama. Mimi siku hizi napanga mapema: lenzi mita 5, tundu f/8. Kila kitu kuanzia mita 2 na nusu kwenda mbele huonekana vyema. Kwa filamu ya ISO 100 na jua la mchana, mwendo ni 1/500.

Ukiazima lenzi ya kamera ya kioo, mathalan Nikon, na kuipachika kwa ringi ya kawaida, jua kwamba haisukumi mkono wa kupimia masafa. Itakubidi ukisie. Kwa milimita 50 na tundu f/2, ukidhani ni mita 3 kumbe ni 4, uso umefifia. Hata Jupiter ya milimita 50 hupishana kidogo na kipimo cha Leica, na kosa huonekana ukipiga karibu.

Nilisubiri bamvua jingine, kama wiki mbili, ndipo nikarudi Kibuyuni. Mama alisimama palepale, nami nikarudi nyuma hatua mbili zaidi. Nilipompelekea picha aliitazama kwa muda mrefu. Kichwa kilikuwepo, na juu yake mbingu tele. Miguu tu ndiyo haikuonekana, nayo ilikuwa majini.